Msimu wa vimbunga Houston: namna ya kuandaa familia mkiwa kwenye apatimenti

Ndugu zangu mliohamia Houston karibuni, na hata nyie mliokaa miaka mingi ila kila mwaka mnasema mwaka huu hakiji, haya ni maandalizi ya nyumba kwa msimu wa vimbunga, na nayaandika nikifikiria hasa familia zetu za kusini magharibi mwa mji, Gulfton, Sharpstown, Alief, mnaoishi apatimenti, gari moja au mbili, mzazi mmoja yuko shift ya usiku na watoto ndo wanaowasomea meseji za kiingereza. Maelekezo mengi utakayoyakuta ameandikiwa mtu mwenye nyumba yake mwenyewe, gereji, jenereta na mbao za kuziba madirisha. Wengi wetu hatuna hivyo, na bado tunaweza kujiandaa vizuri kabisa.

Msimu unaanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na kipindi kibaya zaidi ni katikati ya Agosti mpaka mwisho wa Septemba. Sisi wa Afrika Mashariki hatujakua na hivi vitu. Kimbunga kinataka kuwa mbali kidogo na ikweta ndo kiweze kujizungusha, kwahiyo Mombasa, Tanga na Dar zinakaa miaka na miaka bila kuguswa. Unguja wana historia ya kile cha 1872 kilichoangusha mikarafuu, Lindi walipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia na mvua zake zikakata barabara ya Dar kwenda Lindi, lakini ukiuliza watu wengi wa bara hawajawahi hata kusikia. Ndugu zetu wa Goma wao wanajua kubeba watoto usiku na kuondoka, mlima ukiwaka au risasi zikilia. Tofauti ya kimbunga ni kwamba kinatangazwa siku kadhaa kabla hakijafika, na hizo siku ndo mali yenu, ila kuna mambo mengine hata siku tano hazitoshi na lazima yafanyike mwezi wa tano au wa sita.

Kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla ya yote. Kwenye tivii watakwambia daraja la 1, la 2, mpaka la 5. Hilo daraja linapima upepo peke yake, la 1 linaanza kilomita 119 kwa saa na la 5 linaanza 252. Halisemi chochote kuhusu mvua wala umeme. Sasa angalia Houston. Harvey cha Agosti 2017 kilitua Rockport, mbali na hapa, alafu kikaja kukaa juu yetu kama mgeni asiyeaga, mvua ikanyesha siku nne tano mfululizo, na kule Nederland walipima zaidi ya milimita 1,500, yaani Dar es Salaam kwa mwaka mzima haipati mvua hiyo. Na Beryl cha 8 Julai 2024 kilifika Texas kikiwa daraja la 1 tu, watu wengi wakalala usingizi wao, asubuhi wateja zaidi ya milioni 2.2 hawana umeme, joto la Julai, na wengine walikaa zaidi ya wiki moja hivohivo. Watu walikufa kwa joto ndani ya nyumba zao baada ya kimbunga kuondoka. Kwahiyo ukiwa apatimenti Houston unajiandaa kwa mambo mawili makubwa, maji kuingia na umeme kukatika siku nyingi. Upepo ni wa tatu.

Ya kufanya sasa, kabla hakuna kimbunga chochote

Anza na bima maana hii ndo haingoji. Bima ya mwenye apatimenti inalipia jengo lake. Godoro lako, sofa, tivii, nguo za watoto, hakuna anayekulipa. Alafu hata ile bima ya mpangaji ambayo ofisi inakulazimisha kununua unapoingia, kwa kawaida hailipi mafuriko, inalipa moto, wizi, bomba likipasuka, lakini maji yaliyotoka nje yakaingia ndani hapana. Bima ya mafuriko ni kitu cha peke yake, ipo ya mpango wa serikali kuu unaoitwa NFIP na mpangaji anaweza kukata ya vitu vyake tu, mpaka dola 100,000, sio lazima uwe na nyumba. Shida ni kwamba kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua. Ukisubiri mpaka kimbunga kionekane kwenye ramani umeshachelewa. Kama uko ghorofa ya chini, tena karibu na ile mitaro mikubwa wanayoita bayou, mimi nasema usikae bila hiyo bima. Brays Bayou wakati wa kiangazi unaiona kama mtaro wa zege tu, maji kidogo katikati, watu wanakimbia mazoezi pembeni, lakini kule Meyerland ilipanda ikaingia majumbani mwaka 2015, ikarudia 2016 na tena 2017. Na usidanganywe na ramani inayosema mtaa wako hauko kwenye eneo la mafuriko, sehemu kubwa ya nyumba zilizoingia maji wakati wa Harvey hazikuwa kwenye eneo hilo.

Gari. Hapa ndo familia zetu zinaumia sana. Wengi tunakata ile ya bei nafuu, liability, inayolipa gari la mwenzio ukimgonga. Gari lako likizama kwenye paking haikupi hata senti. Inayolipa maji ni comprehensive, na kimbunga kikishaingia Ghuba ya Mexico kampuni nyingi zinafunga, hawaongezi wala hawabadilishi bima mpaka kipite. Piga simu leo uulize kuongeza ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kama gari ni la zamani na hesabu haikubali basi mpango wako uwe ni wapi utalipaki siku hiyo, tafuta mapema paking ya ghorofa iliyo karibu, ya mall au ya hospitali, uulize kama wanaruhusu, maana bila gari hamna kazi na bila kazi mnajua wenyewe.

Makaratasi sasa. Pasipoti, green card, I-94, kibali cha kazi, kadi za social security, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za chanjo, lizi, bima zote. Kwa mtu aliyekuja kama mkimbizi, karatasi hizi wengine walizipata baada ya miaka kumi na zaidi ya kambi, na kupata nyingine badala yake ni miezi na hela. Weka zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki wa kuzipu, huo uingie kwenye mfuko wa pili, alafu kwenye begi dogo la mgongoni ambalo kila mtu nyumbani anajua linakaa wapi. Lisikae chini ya kitanda, likae juu kabatini. Piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, zihifadhi kwenye akaunti yako ya mtandaoni na umtumie mtu mmoja unayemwamini kabisa anayeishi mji mwingine. Ukimaliza washa video ya simu, tembea nyumba nzima, fungua makabati, fungua friji, onyesha namba za nyuma ya tivii na kompyuta. Ni dakika kumi tu na siku ya kudai bima hiyo video ndo shahidi wako.

Alafu mtu wa nje. Chagueni ndugu mmoja ambaye hayuko Houston, shangazi wa Dallas, kaka wa Kansas, mjomba wa Nairobi, yeyote anayepokea simu haraka, muwaambie watoto wote namba yake waikariri kwa kichwa. Mkipotezana kila mmoja anamtafuta huyo. Siku ya kimbunga simu za kupiga zinagoma, WhatsApp inagoma, ila meseji ya kawaida mara nyingi inapenya, fupi tu: tuko salama, tuko wapi.

Kama nyumbani kuna mtu anayetegemea umeme, mashine ya oksijeni, ya kupumulia usiku, au mzee asiyeweza kutembea, piga 211, namba ya simu ya msaada ya Texas, uombe kuandikishwa kwenye orodha ya STEAR ya jimbo la Texas. Ni bure. Sio ahadi kwamba watakuja kukubeba, ila wanaopanga uokoaji wanajua mpo. Na daktari aulizwe mapema dawa za kutosha akiba, insulini ikae wapi umeme ukikatika, chupa nyingi zikishafunguliwa zinavumilia joto la kawaida la chumba kama siku 28 lakini chumba cha Houston kisicho na eisii mwezi wa nane sio joto la kawaida, kwahiyo uwe na kile kipochi cha kupoza au kuula boksi ndogo, na insulini isigusane na barafu moja kwa moja.

Wale mnaofanya kazi nursing home na hospitali, CNA, manesi, jikoni, usafi, muulizeni bosi sasahivi kama mpo kwenye kundi la kubaki kazini kimbunga kikija, wanaliita ride-out. Ukiwemo utalala huko siku mbili tatu na huwezi kutoka, kwahiyo nani anabaki na watoto? Hilo swali lijibiwe Juni, lisijibiwe saa nne usiku mvua ikianza. Akina mama wawili au watatu wa jengo moja mkikubaliana mapema zamu za kushika watoto mnaokoana sana.

Maji na chakula

Hesabu ya maji ni galoni moja kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupikia na kunawa. Siku tatu ni kiwango cha chini, mimi baada ya Beryl nasema wiki. Familia ya watu sita kwa siku saba ni galoni 42, karibu lita 160. Usikimbilie kununua maboksi ya maji kwa bei ya kuruka, maji ya bomba yakiwa bado safi jaza madumu yaliyosafishwa vizuri, funika, weka kivulini. Bathtabu isafishe uijaze pia, hayo sio ya kunywa, ni ya chooni. Bomba likikauka choo cha hapa unakimwagia ndoo moja kwa nguvu kinashuka, sisi hilo hatufundishwi. Kama wametangaza maji yachemshwe na huna moto, tumia jiki ya kawaida isiyo na harufu ya maua wala sabuni, matone 8 kwa galoni ya maji masafi ikiwa chupa imeandikwa asilimia 6, matone 6 ikiwa imeandikwa 8.25, koroga, subiri nusu saa. Maji ya mafuriko yenyewe hayatibiki hivo, yana mavi, mafuta ya magari na kemikali, usiyaguse kwa kunywa hata kidogo.

Chakula, shida yetu ni kwamba tunapika. Unga upo, mchele upo, maharage yapo gunia zima, lakini majiko ya apatimenti nyingi ni ya umeme na umeme ukikatika gunia linakutazama tu. Kwahiyo fikiria vitu vinavyolika bila moto. Samaki wa kopo, maharage ya kopo ambayo yameshaiva, siagi ya karanga, karanga za kukaanga, tende, mkate, sirio ya watoto, maziwa ya unga, juisi, ndizi mbivu na maembe, na kifungua makopo cha mkono maana watu wanasahau hicho. Siku moja kabla, umeme ukiwepo, pika chapati nyingi na mandazi makavu, vitakaa siku mbili tatu bila friji na watoto watatulia wakila kitu wanachokijua. Mwenye mtoto mchanga aweke maziwa yake, pampasi na maji ya kuchanganyia peke yake, yasiguswe na mtu mzima. Na mnaotumia EBT, kadi ya msaada wa chakula wa serikali, nunueni kabla, mtandao ukilala kadi hazisomi. Toa na keshi ndogondogo, noti za 1, 5 na 20, kwa sababu hata kadi za benki hazisomi. Tochi mbili tatu, betri, redio ndogo ya betri, powabenki zilizochajiwa, dawa za homa na kuhara, pedi, dawa ya mbu. Mwishoni mwa Aprili Texas inakuwaga na wikiendi ya kununua vifaa vya dharura bila kodi ya mauzo, nunua hapo kidogokidogo. Mishumaa siipendi kabisa, nyumba za hapa ni mbao na zulia, tochi zinatosha.

Friza. Najua wengi tunanunua mbuzi mzima tunakata tunajaza friza. Friza iliyojaa isipofunguliwa inashika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu ni 24, na friji ya kawaida ni saa 4 tu. Kwahiyo jaza nafasi zote tupu na chupa za maji ziwe barafu, zinasaidia baridi na baadae mtakunywa. Alafu fanya hivi: chukua kikombe, weka maji, kigande kabisa kwenye friza, juu ya barafu weka sarafu moja, kirudishe ndani. Mkirudi nyumbani baada ya kuondoka, sarafu ikiwa bado juu basi nyama haikuyeyuka. Ikiwa imezama mpaka chini, hata kama kila kitu kimeganda tena na kinaonekana kizuri, nyama ile iliyeyuka na ikakaa, tupa. Inauma, ila kuhara mkiwa hamna maji ya choo inauma zaidi. Nyama ambayo bado ina barafubarafu ndani inaweza kupikwa au kugandishwa tena bila wasiwasi.

Kikishaonekana kwenye Ghuba

Acheni kufuata ramani za kwenye magrupu ya WhatsApp, nyingine ni za mwaka juzi. Kituo cha vimbunga cha taifa kiko Miami, tovuti yao ni nhc.noaa.gov, wanatoa taarifa mpya saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 4 usiku kwa saa za Houston, na kikikaribia wanaongeza katikati. Ule mchoro mweupe unaofanana na koni unaonyesha njia inayowezekana ya kitovu peke yake, hauonyeshi ukubwa wa kimbunga, kwahiyo ukiwa nje ya koni kwa kilomita chache hujapona. Wakisema hurricane watch, maana yake kimbunga kinawezekana kwenu na wanatoa kama saa 48 kabla ya upepo mkali kuanza. Hurricane warning ni kinatarajiwa, saa 36 kabla. Mpango wangu ni huu: ikitoka watch, unajaza tanki la gari, maana bila umeme pampu za sheli hazivuti, unafua nguo zote, unachaji kila kitu, unachukua dawa, unaweka friji kwenye baridi kali ya mwisho. Ikitoka warning kila mtu awe nyumbani na begi la makaratasi liko mlangoni.

Kuondoka au kubaki? Huku wana msemo wa maafisa, kimbia maji, jifiche upepo. Eneo la Houston na Galveston limegawanywa kwa zip code, kuna ukanda wa pwani kabisa alafu A, B na C, na wanaoambiwa kuhama kwanza ni hao, Galveston, maeneo ya karibu na bahari, kwa sababu ya bahari kupanda nchi kavu. Mitaa yetu ya Alief na Gulfton kwa kawaida haimo, lakini angalia zip code yako mwenyewe usinisikilize mimi tu. Ukiwa kwenye ukanda na wakasema hameni, hama siku hiyohiyo. Usipokuwemo, usikurupuke kuingia barabarani. Mwaka 2005 Rita kilipokuja mamilioni ya watu wa eneo hili waliondoka kwa mpigo, magari yakasimama barabarani masaa na masaa kwenye joto, mafuta yakawaishia, na inakadiriwa watu zaidi ya 100 walikufa kwenye ule uhamaji, wakiwemo wazee kwenye basi lililoungua karibu na Dallas. Kuhama ovyo nako kunaua.

Mkibaki na mko ghorofa ya chini, ongea na jirani wa juu. Huyu ni mtu muhimu kuliko jenereta. Mpelekee sahani ya pilau Juni, mfahamiane majina, muombe kwamba maji yakiingia mtapanda kwake, na yeye mwambie umeme ukikatika mtamsaidia nini. Kwenye Harvey watu wengi waliokolewa na majirani kabla ya boti yoyote kufika. Walio kwenye nyumba za chini zisizo na ghorofa wasipande darini pasipo na pa kutokea juu, maji yakipanda mnafungiwa mle.

Usiku wenyewe

Usibandike tepu kwenye vioo, haizuii kitu, kioo kikivunjika kinatoka vipande vikubwa zaidi. Nje kwenye baraza toa kila kitu, viti, vyungu vya maua, baiskeli, jiko. Vitu vya thamani vinyanyue juu ya vitanda na meza, nyaya za umeme za chini zichomoe. Kabla hakijaanza tafuta sehemu ya nyumba isiyo na dirisha, kwa apatimenti nyingi ni bafuni au korido, hapo ndo mtakimbilia simu zikilia tahadhari ya tornado, kimbunga kinazaa hizo njiani. Magodoro muyavute karibu, watoto wavae viatu, ndio, walale na viatu, vioo vikivunjika usiku hutaki kutafuta ndara. Tahadhari za simu usizizime, hata zikikuamsha mara kumi. Kukiwa shwari ghafla katikati ya upepo mkali msitoke, inaweza kuwa kitovu kinapita na upande wa pili unakuja na upepo wa kinyume.

Na maji ya barabarani. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinamwangusha mtu mzima, 30 zinabeba gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote hata zile kubwa tunazozionea fahari. Zile barabara zinazopita chini ya haiwei zinajaa kwanza na gizani huoni kina. Bosi akikupigia uje kazini, mwambie barabara zimejaa, piga picha umtumie. Maji yakiingia ndani na mmenaswa pigeni 911, sema neno Swahili uongee polepole, watatafuta mkalimani kwa simu, usikate. Toa anwani kwanza kabla ya kitu kingine, mtoto anayejua kiingereza awe ameikariri na namba ya apatimenti na namba ya jengo.

Siku za giza

Hapa ndo nataka mnisikilize kwa makini kuliko sehemu zote. Msiwashe jiko la mkaa ndani. Msiwashe hata kwenye baraza mlango ukiwa wazi, na lizi nyingi zinakataza. Nyumba zetu kule zina upenyo juu ya ukuta, moshi unapita chini ya bati, mama anapika na mlango wazi, ndo maana tumezoea. Apatimenti ya hapa imezibwa kila upande ili eisii isitoke, na mkaa unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, wanaiita carbon monoxide, hata ukiwa mwekundu bila moshi inatoka, unasikia kichwa kinauma, usingizi, alafu huamki. Februari 2021 baridi kali ilipokata umeme Texas, watu wa Houston walikufa hivo, wengine kwa mkaa, wengine kwa kuwasha gari ndani ya gereji, na baada ya Beryl ikatokea tena kwa jenereta. Pika nje, uwanjani, mbali na madirisha, mkishirikiana jengo zima jiko moja linatosha. Jenereta ya jirani ikae mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha na milango yote, isikae korido wala kwenye ngazi, hata kama anaogopa kuibiwa. Na nunueni king'ora cha gesi hiyo cha betri, duka lolote la vifaa vya nyumba kipo. Nyumba nzima mkiumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje wote alafu ndo mpige 911.

Joto nalo. Mzee, mjamzito, mtoto mchanga, mtu wa presha, msiwaache wakae ndani mchana bila eisii wakijikaza. Piga 211, au 311 ambayo ni namba ya jiji, uulize vituo vya kupoza mwili, maktaba na vituo vya jamii vinafunguliwa, hawakuulizi karatasi za uhamiaji wala hela. Makazi ya dharura vilevile. Mtu anayeacha kutoka jasho, anaongea ovyo au anaanguka, huyo sio uchovu, piga 911 na ummwagie maji mwilini mara moja.

Maji yakishuka

Usirudi ukatembea kwenye maji ovyo, kuna nyaya zimeanguka, na wale siafu wekundu wa Texas wakifurikiwa wanajikusanya wanaelea kama kapeti la kahawia, ukiligusa wanakupanda mwili mzima. Ukiingia ndani kwanza picha, kabla ya kufagia, kabla ya kutupa. Mstari wa maji ukutani upigwe picha na rula pembeni. Kuta za hapa ni jipsamu, zinanyonya maji kama mkate, na ukungu unaanza ndani ya siku moja mbili, kwahiyo fungua madirisha, toa zulia, mwandikie meneja kwa meseji au imeili siku hiyohiyo ili iwe na tarehe, usimwambie kwa mdomo tu. Kodi usiache kulipa kwa hasira bila kupata ushauri, watakufungulia kesi ya kukutoa. Chakula cha SNAP, yaani ulichonunua kwa EBT, kilichoharibika kinaweza kurudishwa ukitoa taarifa ndani ya siku 10, anzia 211.

Serikali kuu ikitangaza janga la eneo lenu na msaada wa watu binafsi, FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, wanapokea maombi kwa 1-800-621-3362 na hata hapo unaomba mkalimani. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye green card wanastahili, na kama wazazi hawana hadhi hizo lakini mtoto amezaliwa hapa na ana social security, familia inaweza kuomba kwa jina la mtoto. Kwa mtu ambaye karatasi zake hazijakaa sawa aongee na mwanasheria wa msaada wa bure kabla. Kuomba ni bure, anayekuambia lete dola 50 nikujazie fomu ni tapeli, na fundi anayetaka hela yote kabla ya kazi naye hivohivo. Barua ya kwanza mara nyingi inasema hustahili, wengi wetu tunaishia hapo tunaiweka kabatini. Isome mpaka chini au mtafute mtu akusomee, mara nyingi wanachotaka ni karatasi moja tu, bili yenye jina lako na anwani, barua ya bima iliyokukataa, picha ya kitambulisho. Una siku 60 kutoka tarehe ya barua kukata rufaa, unaandika kwa maneno ya kawaida kilichotokea, unaambatanisha ile karatasi, unaweka namba yako ya maombi kwenye kila ukurasa, unatuma na unabaki na nakala.